Nilizibandua Stempu za Babu Nikidhani Naziongezea Bei

Leo siongelei namna ya kupiga picha bidhaa wala saa nzuri ya kuposti. Leo naongelea stempu. Ndiyo, zile za posta. Usipite kwanza, maana stempu zimenitia hasara, zimenigombanisha na bibi yangu, na zimebadilisha kabisa jinsi ninavyotuma mizigo mikoani.

Mnaonifuata mnajua nauza vitenge na khanga. Nina fremu ndogo Tandika lakini mauzo mengi yanatoka kwenye simu. Shule niliishia kidato cha nne. Haya ya stempu nimejifunza mwenyewe, usiku, kwa bando langu, tena baada ya kuharibu.

Ilikuwa hivi. Mwaka juzi nilienda Tanga kumsalimia bibi mzaa mama. Chini ya kitanda chake kuna kopo la biskuti, yale ya bati ya zamani, limejaa barua. Babu alikuwa kibarua bandarini Unguja miaka ya sitini, bibi akabaki Tanga na watoto, basi wakawa wanaandikiana. Nikaona stempu kwenye zile bahasha, na akili yangu ikaruka moja kwa moja kwenye video niliyoitazama kuhusu stempu moja iliyouzwa kwa mabilioni. Nikamwambia, "Bibi, naomba nizipeleke Dar nikazitunze vizuri." Akasema, "Chukua mume wangu, ila unirudishie."

Nilipofika Dar nikafanya kosa ambalo mfanyabiashara yeyote wa mtumba angelifanya. Sisi tunajua bidhaa ikiwa safi bei inapanda. Unafua, unapiga pasi, unaweka kwenye hanga. Nikachemsha maji, nikazishika bahasha juu ya mvuke, nikabandua stempu moja moja. Zilizogoma nikaziloweka kwenye beseni. Anwani zilizoandikwa kwa wino zikayeyuka zote. Barua za ndani nilizitoa kwanza nikaziweka pembeni, namshukuru Mungu, lakini bahasha zote nikazitupa jalalani. Nikabaki na stempu 31, safi, kavu. Nikazipanga kwenye kitambaa cheusi, taa nzuri, picha kali. Nikaposti: stempu adimu za kale, laki moja kila moja, maongezi yapo.

Wiki mbili, laiki tu na watu wanacheka. Mmoja akauliza kama nauza na mchele. Mtu mmoja tu ndiye aliyeingia inboksi akauliza, "Bahasha zake unazo?" Nikamwona msumbufu. Nikamjibu mkato, kwamba mimi nauza stempu, siuzi bahasha.

Sasa nisikilize. Yule ndiye alikuwa mteja pekee wa kweli katika watu wote walioiona posti ile. Nilikuja kumrudia baadaye kwa aibu, akakubali kuja dukani. Ni mzee mstaafu, anakusanya stempu tangu akiwa mwanafunzi. Akatoa kioo cha kukuzia mfukoni, akaziangalia kimya, halafu akaniuliza, "Kijana, nani alikwambia uzibandue?"

Akanieleza. Stempu ikiwa kwenye bahasha yake, ule muhuri wa posta unaonyesha barua ilitumwa wapi na siku gani. Unaona ililipiwa kiasi gani, inaenda kwa nani, imepita wapi. Ukiibandua, inabaki picha ndogo ambayo ilichapwa kwa maelfu au mamilioni. Stempu za kawaida zilizotumika ziko nyingi sana duniani, uzee peke yake hauzipandishi bei.

Ila zilikuwepo nne zilizomfanya avute pumzi. Zina picha ya Sultani, na juu ya picha kumegongwa maneno JAMHURI 1964.

Hapa inabidi nitulie kidogo, maana hata kama huna habari na stempu, hii ni stori ya biashara na ni stori ya nchi kwa pamoja. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa tarehe 12 Januari 1964. Sultani ameondoka, serikali ni mpya, lakini posta lazima ifanye kazi, na stempu zilizoko stoo zote ni za utawala uliopita. Kuchapisha mpya kunataka muda. Walichofanya ni kuchukua zile zile na kuzigonga muhuri JAMHURI 1964. Za mwanzo ziligongwa kwa mkono, nyingine baadaye zikachapwa kwa mashine. Yaani nchi imebadilika na mzigo wa zamani ukauzwa kwa lebo mpya juu yake. Na kingine, picha iliyomo ni ya Sultani Abdullah bin Khalifa, ambaye alikuwa ameshafariki mwaka 1963. Aliyepinduliwa ni mwanawe, Jamshid. Hata kabla ya Mapinduzi stempu ilikuwa imechelewa habari.

"Sasa shida yake," mzee akasema, "muhuri wa kugonga kwa mkono mtu yeyote anaweza kuughushi nyumbani. Stempu za Sultani zisizogongwa zipo, unachonga muhuri wako, unagonga. Mnunuzi atajuaje hii ni ya kweli? Bahasha yenye muhuri wa posta wa 1964 ndiyo shahidi wake. Wewe umemtupa shahidi."

Akanipa elfu ishirini kwa zote 31, na alisema ananunua kwa kunionea huruma. Sikuuza. Lakini nilimwomba nije kwake kuona albamu zake, akakubali, na ile Jumapili nilikaa mpaka magharibi.

Nilichokiona kwenye zile albamu ni kama mtu kanifungulia kitabu cha historia ambacho shuleni nilisinzia. Ukurasa wa kwanza kabisa, stempu za Wajerumani za mwaka 1893 zilizotumika huku kwetu. Ni stempu za Ujerumani, lakini juu yake wamechapa neno PESA. Nikacheka. Pesa ilikuwa sarafu halisi, pesa 64 ndiyo rupia moja. Neno tunalolitamka mara mia kwa siku liko pale, kwenye stempu ya mkoloni. Tangu 1901 wakaweka meli, meli ya anasa ya mfalme wao iitwayo Hohenzollern. Fikiria mtu wa Kilosa wa wakati ule anapokea barua yenye boti ya kifahari ya mtu ambaye hatamwona maisha yake yote. Halafu vita vikaja, Waingereza wakaingia, na mwaka 1917 wakazipiga stempu zao herufi G.E.A. Mwaka 1922 akaja twiga wa Tanganyika. Miaka michache mbele twiga akaondoka, akawekwa mfalme wa Uingereza. Twiga alikuwa mzuri zaidi, mimi nasema ukweli.

Baada ya hapo zinakuja zile zenye majina matatu: Kenya, Uganda, Tanganyika. Posta yetu ilikuwa moja. Baada ya uhuru na Muungano ikawa Kenya, Uganda, Tanzania, na mzee akanionyesha kitu ambacho nisingekiona peke yangu. Hii imeanza na Kenya, hii imeanza na Uganda, hii imeanza na Tanzania. Walikuwa wanapokezana nafasi ya kwanza ili pasiwe na anayeonekana mdogo! Kila nchi ilianza kutoa shilingi yake mwaka 1966, lakini stempu za pamoja ziliendelea miaka kadhaa mbele, mpaka Jumuiya ikaelekea kuvunjika mwaka 1977. Urafiki wa stempu uliishi muda mrefu kuliko urafiki wa pesa.

Na kuna za Uhuru wa Tanganyika, 1961. Ipo yenye mwenge juu ya Kilimanjaro, ipo ya mwalimu na wanafunzi, ipo ya mchuma kahawa. Kwa miaka mingi stempu zilikuwa na uso wa mfalme wa mbali, halafu ghafla anatokea mtu anachuma kahawa. Mzee alisema alipoiona akiwa mtoto alimwuliza baba yake yule mchuma kahawa ni nani. Baba yake akamjibu, "Ni sisi."

Sasa nije kwenye biashara moja kwa moja, maana najua wengine mnasubiri.

Mnajua stempu ilianzaje? Zamani kule Uingereza aliyekuwa analipa mara nyingi ni anayepokea. Mtu wa posta anatembea na barua mpaka mlangoni kwako, anadai hela. Bei inategemea umbali na idadi ya karatasi, na ilikuwa ghali. Watu wakawa wajanja. Wanaandika alama nje ya barua, ndugu anaisoma ile alama, anajua wako salama, anasema barua siitaki, rudisha. Posta imesafirisha mzigo bure. Akatokea bwana anaitwa Rowland Hill akapigania jambo moja: anayetuma alipe kwanza, bei iwe moja nchi nzima, na ushahidi kwamba umelipa ubandikwe pale pale kwenye barua. Mei 1840 ikatoka Penny Black, stempu ya kwanza ya kubandika duniani, senti moja yao tu kwa barua nyepesi. Mwaka 1839 barua zilikuwa kama milioni 76. Mwaka 1840 zikakaribia milioni 169. Mapato lakini yalishuka mwanzoni, na ilichukua miaka mingi kuyarudisha, kwa hiyo asije mtu akakudanganya kwamba ukishusha bei hela inakuja kesho yake.

Niliposoma habari ya anayepokea kulipa, nilikaa chini. Si ndiyo sisi hawa? "Lipa mzigo ukifika." Mwezi huo huo nilikuwa nimepigwa. Mteja wa Mbeya aliagiza doti sita za vitenge, akasema tuma kwa basi, ukifika nalipa mzigo na nauli. Nikatuma. Umefika, simu imezimwa. Nikapiga siku nne. Mzigo ukakaa ofisi ya basi, wakaanza kunihesabia pesa ya kuhifadhi, mwisho nikaulipia urudi. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na doti moja ikarudi na doa la mafuta. Faida ya wiki nzima ikaenda. Watu walikuwa na tatizo langu miaka karibu mia mbili iliyopita na walilitatua kwa kikaratasi chenye gundi.

Tangu hapo dukani kwangu nauli inalipwa kwanza. Sijasema mzigo wote, najua wateja wengi wametapeliwa, wana haki ya kuogopa. Nasema nauli tu. Mteja akishalipa elfu tano yake ya nauli, simu haizimwi. Nimepoteza wateja kadhaa waliokasirika, sitaficha. Lakini mizigo iliyorudi tangu nianze ni miwili tu, na yote miwili nauli haikutoka kwangu.

Ukituma nje ya nchi kwa posta, ujue pia kitu kinachoitwa Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874. Kwa sababu yake stempu uliyolipia hapa inaheshimiwa mpaka Japani, na huhitaji kulipa tena kila mpaka. Mzigo uliosajiliwa unapewa namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa, halafu TZ mwishoni. Mpe mteja namba hiyo siku hiyo hiyo. Aliyeko Muscat au Minnesota akiona mwenyewe kwenye simu yake mzigo umetoka Dar, hakusumbui usiku wa manane.

Kuna jambo jingine kuhusu stempu ambalo ni biashara tamu kweli, na ndipo wengi walipoharibikiwa. Posta ikikuuzia stempu ukaituma barua, inabidi ifanye kazi: ibebe, ipange, ifikishe. Lakini mkusanyaji akiinunua akaiweka kwenye albamu, posta imepata hela na haidaiwi kazi yoyote. Ni kama mteja kanunua vocha yako ya duka akaitundika ukutani. Nchi nyingi ziliiona hiyo, na yetu imo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 mpaka miaka ya 1990 zilitoka stempu za Tanzania nyingi mno, zimetengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa nje kupitia mawakala: katuni za Disney, dainosari, wanamuziki wa nje, magari. Nyingi hazikuwahi kubandikwa kwenye barua ya Mtanzania yeyote. Dainosari angalau ana undugu na sisi, maana mifupa mikubwa ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na mjusi wenyewe mpaka leo amesimama Berlin. Lakini Mickey Mouse na Tanzania wapi na wapi?

Mzee ana kurasa nzima za hizo, na anazipita haraka. "Hizi nilinunua," akasema, "nikaacha. Kila mwezi mpya, kila mwezi mpya. Nani ataweza?" Zinavutia, rangi kali, na hazina bei. Nilimwelewa sana, kwa sababu kuna kipindi nilikuwa naposti "toleo maalumu, zimebaki tatu" kila siku kwa vitenge vile vile, mpaka dada mmoja akaniandikia kwenye komenti, kaka hizo tatu haziishi tu?

Na uadimu wenyewe nao si dhamana. Ile video iliyonitia wazimu ilikuwa ya stempu ya British Guiana ya mwaka 1856, senti moja, inayojulikana kuwepo moja tu duniani. Iliuzwa mwaka 2014 kwa karibu dola milioni 9.5. Mwaka 2021 ikauzwa tena, dola milioni 8.3. Imeshuka. Na aliyeigundua mwaka 1873 alikuwa mvulana wa miaka 12, akaiuza kwa shilingi sita.

Kinachoshangaza zaidi ni albamu ya mtoto mmoja wa Mji Mkongwe, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Alikusanya stempu akiwa mdogo, baba yake pia alikuwa mkusanyaji. Zimo za Zanzibar na za nchi nyingine, za kawaida kabisa. Lakini yule mtoto alikua akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, na albamu yake ilinunuliwa mnadani mwaka 1993, leo iko Makumbusho ya Posta, London. Watu wanatoka mbali kuangalia stempu ambazo wangeweza kuzipata sokoni kwa bei ya chai, kwa sababu ya mkono uliozipanga.

Nilipofika hapo ndipo nilipoelewa vizuri nilichokitupa jalalani.

Nikaenda Tanga. Shikamoo, marahaba, chai, nikashindwa kusema mpaka siku ya pili. Nilimpa zile stempu 31 kwenye mfuko wa nailoni na barua zake zote. Akauliza, "Na majumba yake?" Alikuwa anaziita hivyo bahasha, majumba. Nikamwambia ukweli. Hakunifokea. Alikaa kimya muda mrefu, jambo ambalo ni baya zaidi, na siku hiyo hakuniita mume wangu.

Jioni akatoa sanduku lake la nguo. Ndani ya khanga iliyokunjwa kulikuwa na bahasha moja ambayo haikuwahi kukaa kwenye kopo. Stempu ya Sultani, JAMHURI 1964 juu yake, na muhuri wa posta umepita juu ya vyote viwili. Akaniambia baada ya Mapinduzi alikaa wiki tano bila kujua babu yupo au hayupo. Redio zilisema mengi. Siku aliyopewa bahasha ile hakuifungua kwanza. "Niliona mwandiko wake nje, nikajua yu hai. Nikaona lile neno kwenye stempu, nikajua huko hakuko kama kulivyokuwa. Mengine nilisoma kesho yake."

Nilipiga picha kwa ruhusa yake, nikamtumia mzee wa stempu. Akajibu ndani ya dakika mbili: laki na nusu, na yuko tayari kupanda basi kuja Tanga mwenyewe. Nikamwambia bibi. Alinitazama kama nimemwuliza bei ya meno yake.

"Mwambie sina shida ya laki na nusu. Nikiwa na shida nitauza mbuzi."

Niliporudi Dar nilienda posta, nikanunua bahasha na stempu, nikamwandikia bibi barua ya kumwomba radhi kwa mkono wangu, kupitia sanduku la barua la msikiti wa mtaani kwake kwa sababu yeye hana. Ilichukua siku kumi na moja. Akanipigia.

"Mume wangu, barua imefika. Nimeiweka na jumba lake."